Kuilinda Nyumba na Moto ni Katika Tawakkul

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia moto kuwa manufaa ya maisha yetu na ukumbusho wa akhera. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumeulizwa mara kwa mara juu ya mioto mikubwa ya misitu na nyika, ambayo khabari zake hutufikia kila mwaka kutoka nchi za mbali. Wako waliouliza: Je, mioto ile si adhabu ya Mwenyezi Mungu juu ya watu wale? Na wako waliouliza: Je, mtu anayejishughulisha kuikinga nyumba yake na moto, hakupungukiwa na tawakkul? Na wengine wakasema: Hayo ni mambo ya matajiri, maskini ana nini cha kujikingia? Maswali haya matatu twaona yafaa kujibiwa pamoja, tena kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe si la ng'ambo peke yake. Kaskazi ndiyo majira yetu ya ukavu, na mwisho wa kaskazi ndio wakati watu wetu wanapochoma mashamba kungojea mvua za mwaka. Na katika vijiji vingi vya pwani hii nyumba ya makuti na majani makavu ya mwitu ni majirani wasiotengana.

Kwanza na tuzitaje khabari zenyewe. Tarehe 8 Novemba 2018 moto ulitoka nyikani ukauingia mji wa Paradise, katika jimbo la California nchini Marekani. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Tarehe 8 Agosti 2023 moto wa nyasi kavu, ukisukumwa na upepo mkali, uliuingia mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui. Watu wapatao 100 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yakaungua. Na tarehe 7 Januari 2025 mioto miwili mikubwa iliwaka kwa siku moja katika pande mbili za Los Angeles, na mpaka ilipozimwa majengo zaidi ya 16,000 yalikuwa yameharibiwa.

Sasa twaja kwenye kauli ya kwanza, ya wale wasemao kwamba hiyo ni adhabu ya watu fulani, na wengine wakaisema kwa uso wa kufurahi. Twawauliza ndugu hawa: Katika mji wa Altadena, ulioungua katika mioto hiyo ya Januari 2025, ulikuwapo msikiti uitwao Masjid Al-Taqwa. Msikiti ule uliungua pamoja na nyumba za jirani zake. Je, nao uliadhibiwa? Mwezi wa Agosti 2021 mioto ya milima ya Kabylia, nchini Algeria, iliua watu 90 kwa uchache, na miongoni mwao walikuwamo askari waliokwenda kuwaokoa wanavijiji. Je, hao nao mtawasemaje? Na tarehe 15 Aprili 1997, wakati wa Hija, moto ulizuka katika mahema ya Mina, ukapeperushwa na upepo, na mahujaji 343 wakafa. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba wale waliokuwa katika ihramu, wakiitika labbayka, walikuwa watu wa kuadhibiwa?

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Kitabu chake kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemhisabu mwenye kufa kwa kuungua kuwa ni katika mashahidi. Basi mwenye kuona msiba wa binadamu wenziwe akaufanya mzaha, huyo hakuisoma dini yake vizuri. Mwenye akili huona msiba wa mwenziwe akajitazama mwenyewe; na wazee wetu walikwisha sema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Na tazameni walichofanya watawala wa Hija baada ya msiba wa Mina. Hawakutosheka kusema kwamba ni kadari. Mahema ya nguo za pamba yaliondolewa, yakawekwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto upesi, na majiko ya gesi yakapigwa marufuku ndani ya mahema. Ikiwa katika ardhi ya Mina, karibu na Nyumba ya Mwenyezi Mungu, watu wanaiondoa sababu ya moto kwa mikono yao, basi sisi wa pwani hii tuna udhuru gani?

Hapa twaingia katika kauli ya pili, nayo ndiyo inayotuumiza zaidi. Kuna watu wanaodhani kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kuacha sababu. Tawakkul ya namna hii haikujulikana na Mtume wala na Sahaba zake. Yule mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga akategemea, aliambiwa kwanza amfunge kisha ategemee. Na hadithi hii imo katika mkusanyiko wa Tirmidhi. Na Sayyidna Umar bin Khattab, alipokuwa akielekea Sham, akafikiwa na khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar alimjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Huo ndio ufahamu wa dini. Moto ni kadari, na ufagio ni kadari. Cheche ni kadari, na ndoo ya maji nayo ni kadari. Mwenye kuchagua kadari moja akaiacha nyingine, kisha akasema ametegemea, huyo ametegemea uvivu wake.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta dalili, kwani katika jambo hili la moto khasa Mtume ametupa maelekezo yaliyo wazi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume alipoelezwa khabari yao, aliwafahamisha watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapolala. Na Jabir amepokea amri ya kuzima taa usiku, pamoja na sababu yake: panya huenda akauburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Angalieni, ndugu zetu, jinsi alivyofundisha. Hakusema moto ni adui akanyamaza. Alionyesha mahali adui anapopitia, akamtaja mnyama na utambi, na akatoa dawa isiyogharimu hata pesa moja.

Basi ni vipi leo mtu atundike hirizi juu ya kizingiti cha mlango dhidi ya moto, na hali chini ya kizingiti kile kile ameegesha mzigo wa kuni? Ama kumwomba Mwenyezi Mungu hifadhi asubuhi na jioni, hiyo ni ibada, na hakuna anayeikataza, bali twaihimiza. Lakini karatasi iliyoshonwa katika ngozi haizimi cheche, na Mtume amekemea vikali kutundika hirizi. Pesa anazolipwa mwenye kuandika hirizi zingetosha kununua kipande cha wavu wa chuma cha kuzibia tundu za nyumba. Nasi twasema haya ijapokuwa wako watakaochukia.

Sasa tueleze adui huyu anapita wapi, kwani mtu hawezi kuuziba mlango asioujua. Wengi wetu hudhani kwamba nyumba huungua pale ukuta mkubwa wa moto unapoifikia kutoka mwituni. Wataalamu waliochunguza jambo hili wameona vingine. Mtaalamu mmoja wa Idara ya Misitu ya Marekani, Jack Cohen, pamoja na wenzake, walifanya majaribio katika misitu ya kaskazini mwa Kanada baina ya mwaka 1997 na 2000. Walisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu, kisha msitu ukatiwa moto. Ukuta uliokuwa meta 10 kutoka msituni ulishika moto katika baadhi ya majaribio. Lakini kuta zilizokuwa meta 20 na meta 30 hazikushika. Yaani ndimi za moto, pamoja na ukali wake wote, haziwezi kuiwasha nyumba iliyo mbali nazo kwa masafa hayo madogo.

Basi nyumba zile maelfu ziliungua kwa nini? Nyingi katika hizo ziliungua kwa cheche. Upepo huchukua vipande vya gome na majani yanayowaka, ukavirusha mbele ya moto wenyewe, pengine zaidi ya kilomita moja. Vikaanguka juu ya paa, na katika mifereji ya maji iliyojaa majani makavu, na chini ya ukuta penye takataka, na ndani ya dari kupitia tundu za hewa. Cheche moja humkuta mwenyeji wake aliyemngojea, nalo ni jani kavu, ikalala pale, ikatoa moshi, kisha ikawaka. Na ndiyo sababu katika Paradise watu waliona ajabu: nyumba zimekuwa majivu, na miti mibichi iliyo kando yake ingali imesimama na majani yake. Msitu haukuichoma nyumba ile. Ilichomwa na kitu kidogo kilichopata nafasi.

Kuna kipimo chepesi ambacho kila mtu aweza kukitumia bila ya mtaalamu. Toka nje ya nyumba yako siku ya upepo, utazame upepo umeyakusanya wapi majani makavu: ni katika pembe ya ukuta, au chini ya ngazi, au katika makutano ya mapaa mawili? Hapo ulipoyaleta majani ndipo utakapozileta cheche, kwa kuwa mchukuzi ni mmoja.

Na katika Lahaina pana nyumba iliyowashangaza watu wengi. Ilikuwa nyumba ya mbao, yenye umri wa miaka mia moja hivi, karibu na bahari. Nyumba zilizoizunguka ziliteketea zote, nayo ikasalia na paa lake jekundu. Watu wakasema ni muujiza. Wenye nyumba walipoulizwa, walieleza kwamba muda mchache kabla ya hapo walikuwa wameezua paa la zamani wakatia bati nene, na wakang'oa mimea iliyokuwa imeegemea kuta, wakatandaza mawe mahali pake. Wala hawakufanya hayo kwa kuogopa moto; mawe waliyatandaza kwa ajili ya kuzuia mchwa. Mwenyezi Mungu ameziumba sababu na akazipa athari zake. Mwenye kuzishika hupata athari yake hata akiwa hakuikusudia, na mwenye kuziacha hazimwendei kwa kuzitamani.

Tukiufahamu mlango wa adui, twapata jawabu la kauli ya tatu, ya mwenye kusema kwamba maskini hana cha kujikingia. Kweli ziko kinga za ghali. California imeweka tangu mwaka 2008 sheria ya ujenzi kwa nyumba mpya katika sehemu za khatari, na zilipohisabiwa nyumba za Paradise, zilizojengwa baada ya sheria ile yapata nusu yake zilisalimika, na katika zile za kabla yake zilisalimika 18 tu katika kila 100. Lakini si kila mtu aweza kujenga upya. Kwa bahati njema, kazi iliyo na faida kubwa ndiyo yenye gharama ndogo, na mpangilio wake ni kuanzia nyumbani kwenda nje, wala si kuanzia mwituni kuja nyumbani. Twautaja hapa kwa ufupi.

La kwanza ni ukanda wa meta moja na nusu, yaani dhiraa tatu hivi, unaouzunguka ukuta wa nyumba. Katika ukanda huu kisiwepo kitu chochote kinachoshika moto: si kuni, si magunia ya makaa, si vifuu, si jamvi kuukuu, si kichaka cha maua kilichoegemea dirisha. Ubaki udongo mtupu uliofagiwa, au mchanga, au kokoto. Huku kwetu bibi zetu waliufagia uwanja kila alfajiri mpaka ukang'aa, na sisi tukadhani ni usafi tu. Ulikuwa usafi, na ulikuwa kinga.

La pili ni paa. Majani makavu yafagiliwe juu ya mabati na katika mifereji ya maji, khasa unapoanza ukavu. Mwisho wa bati, pale penye mawimbi yake, huacha tundu kati ya bati na ukuta, na tundu hizo ni mlango wa cheche. Zizibwe kwa udongo uliokandwa au kwa chokaa na mchanga. Tundu za hewa zisizibwe kabisa, ila zitiwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wavu wa plastiki haufai, kwani huyeyuka.

La tatu ni ua. Ua wa makuti au wa fito uliounganika na nyumba ni utambi uliowekwa tayari. Moto ukishika mwisho wake hutembea mpaka ukutani. Basi kile kipande cha ua kinachogusa nyumba kiondolewe, kitiwe mawe au bati, ama paachwe pengo.

La nne, kutoka hapo mpaka meta 10, nyasi zikatwe fupi, matawi ya chini ya miti yapogolewe, na kuni zihamishiwe huko mbali na ukuta. Na mbele ya hapo, mpaka meta 30 ikiwa ardhi ni yako, vichaka vipunguzwe viachane, moto usipate daraja la kuvukia. Haikupasi kung'oa kila mti. Mti wenye maji na kivuli ni rehema.

La tano ni kuta. Nyumba ya udongo iliyokandikwa vizuri ni nyumba yenye kinga, kwa kuwa udongo hauwaki. Lakini ukandiko ukipasuka, fito zikatokeza nje, kinga imeondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa methali hii si mfano, ni maneno yake yenyewe.

Ama paa la makuti, hatutamdanganya msomaji. Makuti makavu hayana kinga kamili, na dawa za kuyapaka ni za ghali na hutaka kurudiwa. Mwenye kuweza kutia bati, na atie. Asiyeweza, basi na azidishe haya: jiko liwe mbali na nyumba, upande ambao upepo wa kaskazi hautazirusha cheche zake juu ya paa, makaa yazimwe kwa maji usiku, wala yasifunikwe kwa jivu tu, ngazi iwe tayari, na pipa la maji lenye kifuniko liwe karibu pamoja na ndoo mbili, na mlango usifungwe kwa kufuli kwa ndani kiasi cha watoto kushindwa kutoka. Makuti yakishika moto hayangoji. Kila mtu wa nyumba ajue atatokea wapi.

Na mwenye kuchoma shamba, tuna neno lake peke yake. Maulamaa wa madhhab yetu ya Shafi'i wamebainisha kwamba mtu akiwasha moto katika mali yake siku ya upepo mkali, au akapita kiasi cha ada, ukaruka ukaharibu mali ya jirani, basi ni juu yake kulipa. Hawezi kusema: nilichoma changu. Basi asichome wakati wa upepo. Na kabla ya kuwasha alime ukanda mtupu kuuzunguka mpaka wake. Na awajulishe jirani zake. Na asiwe peke yake. Wala asiondoke mpaka jivu liwe baridi hata kwa kulishika kwa mkono. Ama kuwasha moto katika misitu ya serikali bila ya ruhusa, sheria ya nchi yakataza, na kuitii sheria inayozuia madhara ni katika kuitii dini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha makala haya. Mtu aweza kuyafanya yote tuliyoyataja na nyumba yake ikaungua, kwa sababu ya nyumba ya jirani. Waliochunguza Paradise wameona kwamba nyumba iliyokuwa karibu na nyumba nyingine iliyoteketea, chini ya meta 18 hivi, ilikuwa katika khatari kubwa zaidi. Nyumba ikisha kuwaka huwa ni kuni kubwa kuliko mti wowote, na hutoa cheche zake yenyewe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na mitaa yetu, ndugu zetu, imepangwa kinga kwa kinga.

Mtume ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Basi mwenye kurundika taka kavu ukutani pake na kusema hapa ni kwangu, huyo anatoboa jahazi. Lakini wa juu nao wana wajibu wao. Yule ajuza asiyeweza kupanda ngazi, na yule mgonjwa, na mjane mwenye watoto wadogo, nani atawafagilia mapaa yao? Ukimwacha mjane na makuti yake yaliyochakaa, hukumdhulumu yeye peke yake. Umeuacha utambi wazi katika nyumba ya mtaa mzima.

Nchi ya Ureno imetuonyesha mfano mwema. Wareno wazee wetu waliwajua kwa mizinga, na ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ingali yasimama. Lakini hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, huiokota popote aionapo. Mwezi wa Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66 katika nchi ile, na wengi wao walikutwa barabarani wakikimbia katika magari yao, wamechelewa kutoka. Mwaka uliofuata serikali yao ilianzisha mpango wa vijiji vya salama. Kila kijiji kilichoingia katika mpango huo huchagua mtu wake mmoja wa kuangalia jambo la moto, huchagua mahali pa kukusanyika patakapokuwa salama, huweka ishara ya kuwaita watu, na hufanya mazoezi ya kutoka. Je, kuna kitu hapo kinachotushinda? Mahali pa kukusanyika tunapo, nao ni uwanja wa msikiti. Ishara tunayo, nayo ni kipaza sauti cha muadhini. Saa ya kukutana tunayo, nayo ni Ijumaa. Kilichotukosa ni nia tu.

Kwa hivyo twawashauri maimamu na wazee wa mitaa mambo manne. Ijumaa moja kabla ya kaskazi kushika, itangazwe siku ya kufagia, na vijana waanze kwa nyumba za wajane na wagonjwa kabla ya nyumba zao. Msikiti uweke ngazi mbili na ndoo, zijulikane na kila mtu mahali zilipo, zisiazimwe kwa kazi nyingine. Achaguliwe mtu katika kila mtaa atakayejua ni nani asiyeweza kutoka mwenyewe wakati wa moto, na ni nani atakayembeba. Na sadaka zitakazokusanywa, sehemu yake inunue bati na wavu kwa ajili ya wasio nacho. Hii ni faradhi ya kutosheleza: wakiitekeleza baadhi, wamewaondolea dhambi wengine; wakiiacha wote, wote wamebeba.

Na la mwisho ni roho. Yote tuliyoyasema ni ya kuilinda nyumba, na nyumba ni mali, na mali hurudi. Tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria, Australia, watu 173 walikufa kwa moto wa nyika, na wengi wao walifia ndani ya nyumba zao au karibu nazo. Basi ikija khabari kwamba moto waelekea upande wenu, tokeni mapema. Fungeni madirisha na milango ili cheche zisiingie, chukueni watoto na wazee, mwende. Asirudi mtu kwa ajili ya sanduku la nguo wala hati ya shamba. Mwenyezi Mungu amemkataza mja wake kujitupa maangamizoni kwa mikono yake mwenyewe, na ameifanya roho moja iliyookolewa kuwa kana kwamba wameokolewa watu wote. Hakutaja sanduku.

Wako jamaa zetu kutoka pwani hii wanaoishi sasa California na nchi nyingine za mioto hiyo. Mwenye ndugu huko na amfikishie maneno haya, amwulize: Ukanda wa dhiraa tatu umeufagia? Jirani yako mzee umemtazama? Kisha naye mwulizaji aligeukie paa lake mwenyewe kabla hajalala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azirehemu roho za waliokufa kwa moto miongoni mwa umma huu, awape subira wafiwa wote, atukinge sisi na nyumba zetu na moto wa dunia, na atuepushe kwa fadhila zake na moto ule usiozimwa kwa maji. Na atujaalie tuwe katika wale wanaomfunga ngamia kisha wakategemea.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.